Sura ya Nta ya Mzee Rabonius

Ukoo wa Rabonius ulijulikana kwa pua. Mali walikuwa nayo na vyeo walikuwa navyo, lakini Mrumi wa mtaani aliwatambua kwa pua: ndefu, yenye kigongo katikati, ncha imeinama kama inanusa kosa la mtu. Pua hiyo ilikaa kabatini ukumbini kwao mara sita, kwenye sura sita za nta za wazee wao waliowahi kushika vyeo vikubwa. Alikuwemo Rabonius wa Mfereji, aliyeleta maji mjini. Handaki lilipobomoka likafukia vibarua mia mbili, akaagiza wengine waendelee kuchimba palepale. Alikuwemo Rabonius Kiziwi, ambaye wajumbe wa adui walimlilia amani siku tatu, naye akajifanya hasikii mpaka mji wao ukawa majivu. Na alikuwemo Rabonius Mrudishaji, waliyemwonea fahari kuliko wote. Huyo mwanawe alitekwa vitani, adui wakamwonea huruma wakamwacha aende kwao. Baba yake akampokea langoni, akampa maji ya kunywa, kisha akamrudisha kwa adui wakamchinje, kwa kuwa Rabonius hatekwi. Watoto wa ukoo huo walifundishwa kisa hicho kabla hawajajua kufunga viatu.

Wanaume wote waliitwa Rabonius na mabinti wote Rabonia: Rabonia Mkubwa, Rabonia wa Pili, Rabonia wa Tatu, maana hawakuona haja ya kupoteza jina kwa mtoto wa kike. Mtumwa wa nyumba hiyo hakuwa na ukoo. Lakini mtumwa akiachwa huru, desturi ya Roma ilimpa jina la bwana wake, akalibeba yeye na watoto wake na wajukuu zake. Antero alilijua hilo tangu utotoni, na laiti asingelijua.

Antero alikuwa mzalia, mtumwa aliyezaliwa humohumo nyumbani. Mama yake, Kresta, aliletwa kutoka Epiro akiwa kigori, akawekwa jikoni, na mwaka wa pili akajifungua mtoto wa kiume. Baba ni nani? Hakuna aliyeuliza, na mtoto alipofika miaka minane pua ilijibu yenyewe. Mwana halali wa nyumba, Publius, aliyezaliwa mwaka uleule, alichukua pua ya mama yake, fupi na ya kawaida kabisa, na haikupita siku bila kuona ile aliyostahili yeye ikitembea jikoni kwenye uso wa mtumwa. Walipokuwa na miaka tisa alimtupia Antero kigae cha paa kikampasua kidevu. Kidonda kilipona kikaacha alama iliyopinda, kama ndoana ndogo. Kresta ndiye aliyechapwa, kwa sababu damu ya mwanawe ilichafua sakafu.

Baba mwenye nyumba, mzee Titus Rabonius, alikuwa na mtindo wake. Aliburuta mguu wa kulia, alikohoa mara mbili kabla ya kusema, na kabla ya kujibu ombi la mtu alijivuta sikio la kushoto akasema, "Tutaona." Mjane akimwombea mwanawe kazi, "Tutaona." Mpangaji akiomba paa lizibwe kabla ya mvua, "Tutaona." Wageni walidhani neno hilo lina matumaini ndani yake. Waliomjua walijua kwamba shauri limekwisha, tena limekwisha vibaya.

Antero aliyaiga yote hayo tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Mzee aliona, akacheka hadi akapaliwa, na kuanzia hapo kila karamu Antero aliitwa aingie na joho kuukuu, aburute mguu, akohoe mara mbili, avute sikio. Wageni walipiga meza kwa kicheko. Publius alikula kimya. Baba yake hakuwahi kucheka hivyo kwa jambo lolote alilofanya yeye, na kijana aliyenyimwa kicheko cha baba ni mtu wa kuogopwa kuliko aliyenyimwa mkate.

Miaka ikaenda, wote wawili wakatimiza thelathini, na mzee akashikwa na maradhi ya tumbo. Akakonda, mashavu yakaingia ndani, mdomo ukapinda upande mmoja. Asubuhi moja akamwita Antero kitandani kwake. Pembeni alisimama Zosimo, fundi wa nta, na ndoo ya jasi iliyokorogwa.

"Nafa," mzee akasema. "Usiniangalie kwa macho ya kondoo, wewe. Nafa, na sura yangu ya nta haijatengenezwa. Huyu mpumbavu anataka kunipaka jasi nilivyo hivi. Nikae kabatini na wazee wangu nikifanana na mbuzi aliyenyongwa?"

"Hapana, bwana."

"Basi lala hapo chini. Utakuwa mimi nilipokuwa na nguvu."

Antero akalala. Zosimo akampaka mafuta, akamtia mirija ya matete puani apate kupumua, akakishika kidevu chake na kukigeuza kwenye mwanga.

"Bwana, ana alama hapa. Niizibe?"

"Iache," mzee akasema. "Alama huipa sura heshima. Wajukuu watanitungia vita."

Jasi ikamwagwa, baridi, ikaanza kukaza na kupata joto. Humo ndani ya giza Antero alisikia sauti ya mzee kama inatoka chumba cha pili.

"Sasa nisikilize, maana huwezi kunikatiza. Siku ya mazishi yangu utaivaa sura hii na joho langu. Utatembea nilivyotembea, utasema nilivyosema, watu wacheke walie. Nimekwisha andika wosia, na mashahidi saba wameupiga mhuri. Nimeandika hivi: Antero awe huru, iwapo ataivaa sura yangu kutoka mlangoni pangu hadi kwenye moto wangu, asiivue. Akiivua njiani, abaki alivyo. Umeelewa? Inua kidole."

Antero akainua kidole.

Mzee yule angeweza kumwacha huru palepale, mbele ya hakimu, kwa kuguswa begani na fimbo tu. Hakutaka. Alijua mtu huru huigiza akipenda, na yeye alitaka mazishi mazuri. Ndivyo walivyokuwa akina Rabonius, hata zawadi waliifunga kamba shingoni.

Jasi ilipobanduliwa Antero alipiga magoti, uso umemwiva. Akakusanya moyo.

"Bwana, kuna neno nilitaka kukuuliza. Tangu zamani."

"Nalijua neno lako. Uliza basi. Lakini ukishauliza nitalazimika kujibu, na nikishajibu nitalazimika kukuuza kabla sijafa, maana nyumba hii haina nafasi ya jibu hilo. Haya, uliza."

Antero akanyamaza. Mzee akajivuta sikio la kushoto, akafumba macho akalala.

Jikoni Kresta alikuwa anaparua samaki. Mwanawe alimweleza yote, wosia, mashahidi, masharti, akitembea huku na huku, na mwisho akasimama, akatamka polepole kama mtu anayeonja chakula: "Titus Rabonius Antero."

"Jina la watu hilo," mama yake akasema bila kuinua macho. "Utalivaa litakubana."

"Mama, ni langu. Likiandikwa limeandikwa."

"Limeandikwa na nani? Wewe mtoto hayo ni masikio au vishikizo vya chungu? Mtu aliyemrudisha mwana wake wa ndoa kwa kisu, wamemweka kabatini wanamfukizia ubani. Wewe wa jikoni watakufanya nini?"

"Sharti ni moja tu. Nisiivue. Nani atanivua?"

"Basi usiivue. Ukiwashwa, usijikune. Ukitaka kutapika, meza. Akikuita mungu, usimwitikie. Ukifika motoni ndipo uniletee hilo jina lako nilione lina mikono mingapi."

Lakini jioni ile alichukua kipande cha sufu akaanza kumshonea kofia, ile kofia ya duara wanayovaa watumwa walioachwa huru. Aliishona kwa siri, na kila alipofika mwisho wa uzi alitabasamu, kisha akajikaripia.

Mzee akafa siku ya nane. Wosia ukafunguliwa mbele ya mashahidi saba, vibao vya nta vikasomwa kwa sauti, na sharti la Antero likasikika ukumbini kwa watu wote. Publius, mrithi, hakukunja uso. Alimwendea mwanasheria mzee aliyeitwa Nasidius, mmoja wa wale mashahidi, akamwomba arudie maneno. "Asiivue," Nasidius akarudia. "Akiivua njiani, abaki alivyo." Publius akashukuru.

Siku ya mazishi ilikuwa ya jua. Mbele walikwenda wapiga zumari, nyuma yao wanawake wa kukodiwa waliojikwaruza mashavu, kisha wazee wa ukoo: watu sita waliovaa zile sura za nta na majoho ya zambarau, kila mmoja kwenye gari lake la farasi, Mfereji, Kiziwi, Mrudishaji na wenzao, wametoka makaburini kumpokea mwenzao. Baada yao maiti kwenye machela. Na pembeni mwa maiti yake mwenyewe akatembea Titus Rabonius, anaburuta mguu wa kulia.

Watu walijaa hadi juu ya mapaa. Antero akakohoa mara mbili, na mtaa mzima ukaangua kicheko.

"Mzee!" akaita mwuza mikate. "Ulisema ungenilipia ukuta ulioangukiwa na gari lako!"

Antero akasimama. Akajivuta sikio la kushoto. Akangoja, maana aliujua ufundi wake. "Tutaona," akasema.

Watu wakashikilia mbavu. Hata wanawake wa kukodiwa walisahau kulia. Desturi iliruhusu hayo, marehemu kuchekwa kwa sauti yake mwenyewe siku hiyo moja, na Antero hakuwahi kuigiza vizuri namna ile. Ndani ya nta palikuwa na joto, jasho likamwingia machoni, kigongo cha pua kikamkaa sawasawa kwenye kigongo chake. Aliwaona watumwa wenzake nyuma, na Kresta katikati yao, mkono mmoja ndani ya nguo. Alijua ameshika nini.

Wakafika uwanja mkuu. Wale wazee sita wakaketi juu ya jukwaa kwenye viti vya pembe, na Antero akaketi kiti cha saba, cha mwisho. Publius akapanda kuhutubia. Alisema vizuri, ukoo huo ulisomeshwa kusema. Alimtaja Mfereji na maji yake. Alimtaja Kiziwi. Alipofika kwa Mrudishaji sauti ilimtetemeka, na uwanja wote ukanyamaza kwa heshima ya mtu aliyemuua mwanawe.

"Na sasa baba yangu," akasema, "niruhusuni nimkumbatie mara ya mwisho."

Akashuka hadi kwenye kiti cha saba, akamwinua Antero, akamkumbatia mbele ya umati. Watu wakaanza kulia. Mdomo wa Publius ulikuwa sikioni pa Antero.

"Ndugu yangu," akanong'ona.

Miaka thelathini Antero alilingoja neno hilo kutoka kinywa chochote chenye jina la Rabonius.

"Ndugu yangu, vua. Wakuone. Baba hakuthubutu, mimi nathubutu. Nataka watu wote wajue leo kwamba ana wana wawili."

"Wosia, bwana mdogo," Antero akasema ndani ya nta. "Umesema nisiivue."

"Mrithi wa wosia ni nani, si mimi? Nani atakudai kama mimi sikudai? Na usiniite bwana tena. Niite ndugu."

"Nikikuita hivyo hutakasirika?"

"Niite usikie."

"Ndugu," Antero akasema.

"Naam," Publius akaitika, na mkono wake ukambana begani kwa upole ambao hakuwahi kuuonja. Hapo watu watatu wanne katikati ya umati wakaanza kupaza sauti: "Avue! Tumwone! Avue!" Walikuwa wapambe wa Publius, wale waliokuja kumwamkia kila asubuhi mlangoni, lakini umati haukujua, na umati ukiona wengine wanapiga kelele hupiga nao. Muda si muda uwanja wote ulikuwa unaimba: "Avue!"

Antero alijua. Hilo ndilo linaloniuma kila nikilikumbuka. Hakuwa mjinga, sharti alilijua kwa moyo, mama yake alimwonya kwa kila namna ambayo mama anaweza kuonya. Lakini sikio la kufa halisikii dawa, na lake lilikuwa limejaa neno ndugu hadi pomoni. Akaweka mikono miwili kwenye mashavu ya nta, akaivua sura.

Kisha watu wakaona: uso uleule chini ya uso uleule, pua kwa pua, hata kovu la kidevuni. Kicheko kilichofuata kilirusha njiwa kwenye mapaa.

"Mzee kafufuka!"

"Loo, mzee alikuwa dume huyu!"

"Mrithi yupi sasa," mtu akauliza kutoka kwenye nguzo, "mwenye pua au asiye na pua?"

Antero alikuwa anatabasamu. Alimtafuta mama yake katikati ya watumwa ili aone anavyofurahi. Kresta alikuwa ameziba mdomo kwa kofia.

Publius akarudi nyuma hatua mbili, akainua mkono watu wanyamaze. "Mashahidi wa wosia wa baba yangu wapo hapa?"

"Tupo," Nasidius akasema kutoka safu ya mbele.

"Mmeona?"

Mzee Nasidius alimgeukia Antero. Alikuwa mtu wa haki, hilo wote walimpa, na haki yake ilikuwa imeandikwa. "Imeandikwa asiivue," akasema. "Ameivua. Moto bado haujawashwa. Anabaki alivyo."

"Ameniambia nivue," Antero akasema. Alidhani bado wanazungumza kirafiki. "Bwana Nasidius, ni yeye. Ameniita ndugu. Mwulize."

"Nani alisikia?"

"Mimi nilisikia."

"Mtumwa hatoi ushahidi juu ya bwana wake, mwanangu," Nasidius akasema, tena kwa upole. "Ungekuwa huru ningekusikiliza."

Umati ukacheka tena, maana ilikuwa kweli, na Warumi hawapendi kitu kama sheria inayojifunga yenyewe. Publius akaiokota ile sura, akapangusa jasho ndani yake kwa ncha ya joho lake, akamkabidhi Antero.

"Vaa," akasema. "Mazishi hayajaisha."

Akavaa. Angefanya nini? Wakatoka kwa lango la kusini hadi mahali pa kuchomea, na njia nzima watu walimwomba wakimfuata, "Mzee, useme! Mzee, useme lile!" Naye akaburuta mguu, akakohoa mara mbili, akavuta sikio, akasema. Waliokuwapo walisimulia kwamba hapakuwahi kuonekana mwigaji kama yule, kwamba sauti yake ilitetemeka kizee kabisa mwishoni. Moto ulipowashwa Publius mwenyewe alimvua ile sura ili isiyeyuke. Ndani ilikuwa imelowa.

Kesho yake asubuhi aliitwa uani. Walikuwapo msimamizi wa watumwa na wanaume wawili wa kushika. Chuma cha kuchomea watumwa kilikuwa jikoni kwa Kresta, kwa sababu jiko lake ndilo lililokuwa linawaka, na Kresta aliambiwa apulize makaa yasififie. Alipuliza. Anayesema angekataa hajui nyumba zile.

Publius alikuwa anakula zabibu kavu, moja moja.

"Bwana," Antero akasema, "nimekukosea nini? Niuze. Nipeleke shambani, nipeleke machimboni. Hutaniona tena."

"Mimi sitakuona, wengine watakuona. Watakuuliza, we, pua hiyo umeipata wapi?" Akatema mbegu. "Unajua nilikuwa nakaa mezani nahesabu vicheko vya baba? Vyote alikupa wewe. Mimi alinipa mashamba."

"Uliniita ndugu."

"Ndiyo. Na ndugu katika ukoo huu tunawafanyaje? Nenda kamwulize Mrudishaji." Akamtazama usoni kwa makini, kama mtu anayetazama kitu kwa mara ya mwisho. "Usihuzunike. Uso wako umekwisha ingia katika ukoo, umo kabatini, utafukiziwa ubani mpaka Roma ianguke. Sasa huu mwingine wa nini? Nyumba haihitaji nyuso mbili." Akamgeukia msimamizi. "Pua na mashavu. Macho yaache, ana kazi ya kufanya."

Chuma kikaletwa. Sitasema zaidi ya hapo, ila kwamba jikoni Kresta alisikia yote, na makaa hayakufifia. Ile kofia ya sufu hakuitupa. Aliitumia kushikia vyungu vya moto mpaka ikaungua katikati, na mwaka uliofuata alikufa yeye.

Kazi aliyopewa Antero ilikuwa kutunza kabati. Kila sikukuu alifungua milango yake saba, akazipangusa sura kwa kitambaa laini chenye tone la mafuta, akazipangia majani ya mlorea, mti wa washindi. Wageni walisimama mbele ya ile ya saba, na Publius aliwasimulia kovu la kidevuni: baba yake alilipata Hispania, peke yake juu ya ukuta, upanga umevunjika. Kisa kiliongezeka kila mwaka. Mara ya kwanza maadui walikuwa wawili, baadaye wakawa tisa. Waliomkumbuka mzee na kidevu chake kisicho na kovu walikuwa wachache, na walikuwa wanakula mezani pa Publius. Hakuna aliyemwangalia mtu mwenye kitambaa. Ukimwangalia hamu ya chakula ilikutoka.

Aliyemwangalia alikuwa mmoja tu, binti wa Publius, Rabonia Mdogo, mwenye miaka sita. Alizaliwa amekuta uso ule nyumbani, kwa hiyo hakuuogopa. Alikuja akakaa chini karibu naye akiwa na mwanasesere wake wa mbao.

"Antero, babu alikuwa mkali?"

"Alikuwa mchekeshaji, bibi mdogo."

"Aliumia hapa?" Akagusa kidevu cha nta kwa kidole.

"Ndivyo wanavyosema."

Mtoto akamtazama yeye, akaitazama nta, akamtazama tena. Msimamizi alikuwa ametii agizo siku ile: pua na mashavu. Kidevu hakikuguswa.

"Na wewe unayo," mtoto akasema. "Ileile. Imepinda hivihivi."

Antero alipaswa kunyamaza. Miaka saba alikuwa hajaulizwa kitu na mtu yeyote kwa wema, na kwa mara ya pili katika maisha yake wema ulimlegeza. "Tulipigana vita moja, babu yako na mimi," akasema.

Binti akafurahi sana. Mchana ule palikuwa na wageni, na Antero alisimama nyuma ya makochi na birika la maji ya kunawa. Publius alikuwa kwenye kisa cha Hispania, maadui wameshafika kumi na wawili.

"Baba," Rabonia Mdogo akadakia, "na Antero pia alikuwapo. Ana alama kama ya babu, hapahapa. Mwite umwone."

Wageni wakageuka. Mmoja wao, mzee, alikitazama kidevu cha Antero, akaitazama ile sura ya nta kule ukumbini, kisha akainamia sahani yake haraka. Mwingine akakohoa kuficha kicheko. Publius aliacha kutafuna. Alimwangalia Antero muda mrefu, naye Antero aliinamisha kichwa akificha kidevu kifuani, lakini lilikuwa limekwisha kuwa.

Publius hakuwa na pua ya baba yake, wala mguu wake, wala kikohozi. Lakini mkono wake ukapanda wenyewe, ukashika sikio la kushoto, ukalivuta.

"Tutaona," akasema, akaendelea kula.

Mtoto alidhani neno hilo lina matumaini ndani yake, akamwambia Antero kwa furaha, "Umesikia? Amesema mtaona." Antero akamshukuru. Akawamiminia wageni maji mmoja mmoja, akawapa taulo, na walipoondoka akaenda jikoni kuwasha jiko bila kungoja kuambiwa.